Ukungu wa Mwelekeo Kwenye Programu za Nodi: Jinsi ya Kuupima na Kuuweka

Piga video ya bajaji inayopita Mikindani saa sita mchana kwa simu, halafu simamisha fremu moja. Kila kitu kimeganda. Nati za rimu zinahesabika, namba ya chombo inasomeka, vumbi limekuwa punje-punje. Icheze tena: bajaji haitembei, inaruka kutoka sehemu moja hadi nyingine. Jua la Mtwara ni kali na tundu la lenzi la simu nyingi halibadiliki, kwa hiyo simu hupunguza mwanga kwa kufupisha muda wa shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga wa kila fremu. Ikifika 1/2000 ya sekunde, hakuna mwendo unaobaki ndani ya fremu.

Tiba bora hufanyika wakati wa kupiga. Kwa fremu 25 kwa sekunde, shata ya 1/50 ndiyo hutoa mwendo ambao jicho limeuzoea. Kutoka 1/2000 kwenda 1/50 kunahitaji upunguze mwanga mara 40, na kichujio cha ND32, kioo cheusi cha mbele ya lenzi kinachopunguza mwanga mara 32, kinakufikisha karibu na hapo. Shata hiyo ya 1/50 inafaa pia ukumbini usiku, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa hazitapepesa kwenye picha. Lakini harusi imeshapita, bajaji imeshakwenda, na klipu uliyonayo ndiyo hiyo hiyo. Hapo ndipo unapohitajika ukungu wa mwelekeo (Directional Blur), yaani kuiburuza picha upande mmoja kwenye kompyuta ili ionekane inatembea.

Hatua zilizo hapa ni za ukurasa wa Fusion ndani ya DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, toleo la bure. Humo kazi hufanywa kwa nodi, vijisanduku vinavyounganishwa kwa mistari, kila kimoja kikiwa na kazi yake. Blender na Natron, programu nyingine za nodi, zimeelezwa mbele. Kanuni ni moja kokote: pembe ya ukungu na urefu wake vinatoka ndani ya picha yenyewe. Ukivuta slaidi mpaka jicho liridhike, kila klipu itatoka na mwendo wake, na mtazamaji ataona kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hawezi kukitaja.

Kabla ya kufungua nodi

Weka kasi ya fremu ya mradi kabla ya kuingiza klipu ya kwanza, kwa kuwa Resolve haikuruhusu kuibadilisha taimlaini ikishakuwa na video. Kama simu ilipiga fremu 30, fanya kazi kwa 30. Ukiibana iingie 25, programu itatupa fremu moja katika kila sita, na bajaji itapiga hatua ndefu ghafla kila baada ya muda mfupi. Ukungu uliopimwa kwa hatua ya kawaida hautatosha kwenye hatua hiyo ndefu.

Angalia pia ukubwa wa picha. Klipu ya 4K ndani ya taimlaini ya 1080 huingia Fusion ikiwa na ukubwa wake kamili, 3840 kwa 2160. Pikseli utakazopima ni za ukubwa huo.

Kupima hatua ya chombo

Chagua kitu kimoja chenye ncha kali kwenye bajaji, kama taa ya mbele. Peleka MediaIn1, nodi yenye klipu yako, kwenye dirisha la kutazamia kwa kubonyeza 1, kuza picha, weka kishale katikati ya taa na usome namba za X na Y chini ya skrini. Songa fremu moja mbele, soma tena. Kumbuka Fusion huhesabu Y kutoka chini kwenda juu.

Tuseme, kwenye picha ya 1920 kwa 1080, fremu ya 40 imekupa X 612 na Y 318, ya 41 ikakupa X 660 na Y 330. Bajaji imekwenda pikseli 48 kulia na 12 juu. Umbali ni kipeo cha pili cha 48 jumlisha kipeo cha pili cha 12, kisha kipeuo: pikseli 49.5. Pembe unaipata kwa kugawa 12 kwa 48, yaani 0.25, na kikokotoo cha simu kitakwambia tanjenti hiyo ni ya nyuzi 14.

Kamera yenye shata ya 1/50 kwa fremu 25 huacha mlango wazi kwa nusu ya muda wa kila fremu, hali ambayo wapiga picha huiita shata ya nyuzi 180. Kwa hiyo ukungu unaotakiwa ni nusu ya hatua, hapa pikseli 25 hivi. Kama klipu ilipigwa kwa 1/2000, ukungu wake wa asili ni wa nyuzi 4.5 tu, usihangaike nao. Ikiwa ni 1/100, tayari una nyuzi 90, basi ongeza robo ya hatua na si nusu.

Pima mwanzo, katikati na mwisho wa klipu. Bajaji inayokuja kuelekea kamera hupiga hatua ya pikseli 10 ikiwa mbali na 60 ikiwa jirani, na namba moja haiwezi kuhudumia zote mbili.

Kujua Length ina maana gani

Length ni slaidi ya urefu wa ukungu kwenye nodi ya Directional Blur, na haiandikwi kwa pikseli. Badala ya kukariri, ipime, kazi ya dakika mbili. Weka nodi ya Background nyeupe yenye ukubwa wa picha yako, iunganishe na maski (umbo linalochagua sehemu ya picha) ya Ellipse yenye Width na Height ya 0.003, ibaki nukta katikati ya skrini. Baada yake weka Directional Blur: Shift na Space kwa pamoja, andika "directional", bonyeza Enter. Type iwe Linear, Length 0.1, Angle 0. Nukta itageuka mstari. Soma X ya mwanzo wa mstari na X ya mwisho wake, utoe.

Ukipata pikseli 192 na wewe unataka 25, zidisha 0.1 kwa 25 kisha gawa kwa 192: Length yako ni 0.013. Rudia jaribio kwa kila Type unayokusudia kutumia, na kila unapopata toleo jipya la programu.

Nukta hiyo inafundisha jambo lingine muhimu zaidi. Kwenye Linear mstari unaondoka upande mmoja tu wa nukta. Badilisha Type iwe Centered, mstari utagawanyika sawa pande zote mbili. Kwa chombo kinachotembea tumia Centered. Ukitumia Linear kwa ukungu wa pikseli 25, kitovu cha bajaji kitahama karibu pikseli 12 kutoka mahali pake, na maandishi uliyoyafungia kwa Tracker, nodi inayofuata kitu kwenye video, yataonekana yanaelea pembeni ya chombo. Linear ina kazi yake, hasa mkia wa taa au cheche zinazoacha alama nyuma. Length ikiwa chini ya sifuri, mkia huelekea upande wa pili.

Mpangilio wa nodi

Kosa la kawaida kuliko yote ni kuweka Directional Blur juu ya picha nzima, kisha kuifungia eneo kwa maski iliyounganishwa kwenye pembetatu yake ya bluu. Ukungu utakatika ghafla kwenye ukingo wa maski, kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Chombo kinatakiwa kikatwe kwanza, kitiwe ukungu pamoja na kingo zake, ndipo kirudishwe barabarani.

Fuata hivi. Weka Background, rangi nyeusi, na Alpha (alfa) yake, namba inayoonyesha picha ni nzito au ni wazi, uishushe hadi 0, yaani uwazi kamili. Kama klipu ni 4K, ondoa tiki ya Auto Resolution na uandike 3840 na 2160, maana Merge, nodi inayoweka picha moja juu ya nyingine, hufuata ukubwa wa picha ya nyuma na itakukatia video. Peleka Background hiyo kwenye pembetatu ya njano ya Merge1, na MediaIn1 kwenye ile ya kijani. Chora Polygon kuizunguka bajaji, uiunganishe na pembetatu ya bluu ya Merge1. Soft Edge 0.001 hadi 0.002 inatosha. Sasa una bajaji peke yake juu ya uwazi, alfa yake ikiwa imeshazidishwa kwenye rangi, na ndivyo ukungu unavyotaka. Ukitia ukungu picha ambayo alfa haijazidishwa, rangi ya barabara iliyo nje ya maski itavutwa ndani na kuacha utepe mchafu ukingoni.

Unapochora Polygon usisahau kivuli. Saa sita mchana kivuli kiko chini kabisa ya chombo na kinakimbia nacho. Bajaji yenye ukungu juu ya kivuli kikali inaonekana imebandikwa.

Baada ya Merge1 weka Directional Blur: Centered, Angle 14, Length 0.013. Matokeo yake yaingie kwenye kijani ya Merge2, na njano ya Merge2 ipokee barabara.

Barabara ipi? Ukiweka MediaIn1 ileile, bajaji kali ya asili itachungulia chini ya bajaji yenye ukungu. Unahitaji barabara tupu. Kama kamera ilikuwa kwenye stendi, tafuta fremu ambayo bajaji haijaingia, tuseme ya 12, na uigandishe kwa Time Stretcher: Source Time iwe 12 mwanzo hadi mwisho, bila alama nyingine ya muda (keyframe). Lakini usiigandishe picha nzima, kwa sababu nyuma kuna ghuba na minazi, na bahari iliyosimama watu wataiona mara moja. Tumia Merge nyingine kuiweka fremu tupu juu ya video inayotembea, na uifunge kwa nakala ya Polygon ileile, Border Width ukiiongeza mpaka ifunike bajaji na kivuli, Soft Edge 0.01. Hivyo ni kipande kidogo tu cha lami kilichoganda, na lami huwa haitembei. Chagua fremu tupu iliyo karibu kwa muda. Wingu likipita katikati, mwanga wa kiraka hautalingana na wa pembeni.

Polygon hujiwekea alama ya muda kila unapoisogeza kwenye fremu mpya. Anza na fremu ya kwanza na ya mwisho, kisha ya katikati, kisha katikati ya zilizobaki. Kuchora kila fremu huleta mtetemo, na ukungu hauuondoi.

Kwa Length na Angle, bonyeza almasi iliyo pembeni ya kila slaidi kwenye fremu tatu ulizopima na uandike thamani zake. Kama chombo kinafuata Path, mstari wa njia uliouchora, Angle inaweza kuunganishwa moja kwa moja na Heading ya Path hiyo: bonyeza kulia juu ya Angle, Connect To, uchague Heading. Barabara ikiwa na kona, njia hii inaokoa muda mwingi.

Mwanga kwanza

Kwenye kamera halisi, kioo kinachomeremeta kikipita huacha mchirizi mweupe unaong'aa. Kwenye kompyuta mchirizi huo hutoka kijivu. Sababu ni mbili. Video ya simu imekunjwa kwa gama, yaani namba zake haziongezeki sawasawa na mwanga halisi, na wastani wa namba zilizokunjwa si wastani wa mwanga. Pia weupe wa video umekatwa kwenye 1.0, hata kama jua kwenye kioo lilikuwa na nguvu mara nyingi zaidi ya ukuta mweupe uliokuwa karibu yake.

Kwa sababu ya kwanza, tanguliza nodi ya Gamut mara baada ya MediaIn1 yenye Source Space ya klipu yako na Remove Gamma ikiwa na tiki, na mwishoni kabisa nyingine yenye Output Space na Add Gamma. Kwa ya pili, hakikisha picha iko kwenye namba za desimali kwa Change Depth ya 16-bit float, kisha zungushia kioo na taa Ellipse ndogo na uongeze Gain kwa Brightness Contrast hadi 3 au 4, kabla ya Directional Blur. Mng'ao utasambaa na kubaki na nguvu. Slaidi ya Glow ndani ya Directional Blur huiga jambo hili kwa haraka, lakini hupandisha picha nzima, na jezi nyeupe ya dereva nayo itawaka.

Tairi

Tairi lina mwendo wa pili, wa kuzunguka, na Linear haiwezi kuuonyesha. Kata tairi peke yake kwa njia ileile, Type iwe Radial, Center iwe juu ya kitovu na ifuate Tracker. Kiasi chake kinakokotoleka. Tairi la bodaboda lenye kipenyo cha sentimeta 60 hivi lina mzingo wa karibu mita 1.9. Kwa kilomita 40 kwa saa chombo kinakwenda mita 11.1 kwa sekunde, sawa na mizunguko 5.84, na kwa fremu 25 kila fremu ni nyuzi 84. Nusu yake ni nyuzi 42. Weka nukta yako nyeupe mbali kidogo na Center, ongeza thamani mpaka tao lifike nyuzi 42, uihamishie kwenye tairi.

Tairi likionekana kwa upande kidogo, umbo lake ni yai, na Radial inazungusha duara. Spoksi zitatoka nje ya rimu. Pima: kama yai lina upana wa pikseli 120 na kimo cha 200, weka Transform kabla ya ukungu, ondoa tiki ya Use Size and Aspect, X Size iwe 1.667 ili liwe duara, na Pivot iwe kwenye kitovu. Baada ya ukungu weka Transform nyingine yenye Pivot ileile na X Size 0.6. Rimu itakaa ndani ya tairi. Malizia kwa Directional Blur ya Centered yenye pembe na urefu wa ukungu wa chombo kizima, kwa sababu tairi linazunguka na kusonga kwa pamoja.

Miale ya jua kati ya minazi ni kazi ya Type ya Zoom. Chuja sehemu angavu tu kwa Luma Keyer, weka Center juu ya jua, na badala ya Length moja ndefu inayoacha ngazi-ngazi, panga nodi mbili mfululizo zenye urefu mfupi. Irudishe kwa Merge yenye Apply Mode ya Screen na Blend ya 0.3 au pungufu.

Chombo kikali, nyuma kunakimbia

Hii ni kinyume chake: kamera inaifuata bodaboda na mandhari yanaburuzika. Pima hatua ya nyuma, kama mlingoti wa umeme, si ya bodaboda. Tatizo linalojitokeza ni kivuli cha rangi kuizunguka bodaboda, maana rangi zake zimeburuzwa pamoja na nyuma kabla hujaweka ile kali juu. Ondoa bodaboda kwenye picha ya nyuma kwanza kwa Paint, ukinakili nyasi au lami ya jirani. Usafi wa kiraka si hoja, kwa kuwa kitaburuzwa chote. Rangi tu ilingane.

Vitu vya mbali husogea kidogo kuliko vya karibu. Kama nyuma kuna nyumba mita tano kutoka barabarani na dau katikati ya ghuba, vipe ukungu tofauti. Dau lenyewe likipigwa na kamera iliyosimama hupiga hatua ya pikseli moja au mbili tu kwa fremu, na hapo usiweke ukungu wowote.

Kasoro nyingine na chanzo chake

Ukingo wa fremu ukionekana kama kioo chombo kinapoingia, ni kwa sababu nje ya picha hakuna kitu na ukungu umevuta uwazi huo ndani. Kuza picha ya mwisho kwa Transform ya Size 1.03. Kwa upana wa 1920 unapoteza karibu pikseli 29 kila upande, inatosha kuficha ukungu wa 25.

Sehemu yenye ukungu ikionekana safi mno kama plastiki, chenga za simu, vile vidoa vidogo vya picha, zimefutwa hapo na kubaki kwingine. Weka Film Grain baada ya Merge2, kwenye eneo hilo tu, mpaka zilingane. Kamwe usiweke chenga kabla ya ukungu, zitageuka mistari.

Maandishi au nembo uliyoihuisha mwenyewe ndani ya Fusion haihitaji Directional Blur hata kidogo. Fungua Settings ya nodi ya Transform au Merge inayoisogeza, weka tiki kwenye Motion Blur, Quality 8, Shutter Angle 180. Programu inajua mwendo wake, itapima yenyewe.

Kwa wanaotumia Blender au Natron

Nodi ya Directional Blur ya Blender ina Iterations (kwenye matoleo mapya huitwa Samples), na kila unapoongeza moja idadi ya nakala huzidishwa mara mbili: 2 ni nakala 4, 6 ni nakala 64. Ukiona bajaji nne zilizofifia zimefuatana, Iterations ni ndogo. Kanuni rahisi ni nakala zisipungue pikseli za ukungu. Kwa pikseli 25 weka 5, yaani nakala 32. Umbali wake hupimwa kwa sehemu ya mstari wa hanamu wa picha, ambao kwa 1920 kwa 1080 ni pikseli 2203, hivyo 25 ni 0.011. Usiichanganye na Vector Blur, ambayo inataka data ya vekta kutoka kwenye renda ya 3D. Video ya kamera haina data hiyo.

Natron ina DirBlur inayoongozwa na Translate, Rotate na Scale. Hapo unaandika pikseli zako moja kwa moja: kwa nusu ya hatua yetu, X 24 na Y 6.

Ukimaliza, bonyeza Ctrl na P juu ya Directional Blur kuizima na kuiwasha huku video ikicheza kwa kasi yake halisi. Hukumu ukiwa hapo, kamwe si kwenye fremu iliyosimama, kwa kuwa fremu moja yenye ukungu sahihi siku zote huonekana imezidi.